Mkaguzi na Mashine Iliyozimika Bwawani

Hakuwahi kuingia dukani kwangu bila kwanza kusimama mlangoni na kutazama alikotoka. Wateja wengine huulizia bei hata kabla mguu wa pili haujavuka kizingiti. Yeye aligeuka, akaiangalia barabara ya Nairobi upande wa mjini, akaiangalia upande wa Ngaramtoni, akaridhika kwamba hakuna aliyemfuata, ndipo akavua kofia. Nikimwamkia aliitikia marahaba taratibu huku akinitazama usoni, kana kwamba anajiuliza leo nina shida gani mpaka nimsalimie vizuri hivyo.

Pale Sakina, pembeni ya mji wa Arusha, tulimwita Mkaguzi, na jina hilo hakulikataa. Alikuwa mkaguzi wa shule kwa muda wote wa utumishi wake. Alipostaafu alirudisha gari la serikali na funguo za ofisi, lakini ukaguzi wenyewe aliondoka nao. Aliishi juu huko mlimani Meru, kwenye migomba na kahawa ya familia, na alishuka mjini akiwa na koti lile lile la kijivu lililopigwa pasi, mfuko wa juu una kalamu ya wino mwekundu. Sikumwona akiiandikia chochote, isipokuwa siku moja alipozungushia kosa kwenye bango la seremala jirani yangu, kisha akaendelea na safari yake.

Mimi ni mama wa duka, nauza vipuri vya pikipiki na magari madogo. Ukuta wa duka langu unapakana na gereji ya fundi mmoja Mwarusha, mtu mpole, mpenda utani, na wateja wake wengi huishia kwangu kununua wanachoambiwa kimekufa. Mkaguzi aliliona jambo hilo siku ya kwanza tu. Aliniuliza, bila kupepesa macho, kama mimi na fundi ni ndugu. Nikasema hapana. Akauliza kama basi tumeoana. Nilicheka sana, lakini yeye alikuwa anasubiri jibu.

Akinunua plagi aliitoa kwenye boksi, akainusa, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akatoa msumari mfukoni na kuikwaruza alama yake ubavuni. Alitaka fundi asije akambadilishia na kuukuu, halafu ile mpya ikarudi kwangu nikaiuza tena. Njama hiyo alinieleza yote, hatua kwa hatua, nani angempa nani na saa ngapi, mpaka nikaona haya kwamba miaka yote nimefanya biashara bila kuifikiria. Mara nyingi alinikera. Siku moja nilimwambia wazi kwamba kama ananiona tapeli, maduka ya vipuri Arusha ni mengi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema huko hakumjui mtu.

"Wewe nimeshakuchunguza," alisema. "Nikienda kwingine itabidi nianze upya."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hiyo ilikuwa sifa, na pengine sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu mjini hapa.

Imani yake kuu ilikuwa kwamba vitu haviharibiki vyenyewe. Kitu huharibiwa, alisema, na kazi yako ni kumtafuta aliyekiharibu. Maziwa yakikatika, kuna mtu ametia maji. Redio ikikoroma, kuna jirani amefunga waya mahali. Kahawa yake ilipopata ugonjwa mwaka ambao kahawa ya mlima mzima ilipata ugonjwa, alitumia wiki kadhaa akifuatilia ni nani aliyepita kwenye shamba lake na viatu vichafu. Mkewe, ambaye nilimjua kidogo kabla hajafariki, aliniambia kwamba hata mahubiri ya Jumapili aliyasikiliza akiwa amefumba jicho moja, na mchungaji alikuwa akimwogopa kuliko askofu.

Lakini huyu huyu ndiye aliyewalaza abiria wa basi zima nyumbani kwake. Ilikuwa masika, barabara imekatika kule kwao, na watu wamekwama na watoto wao kwenye matope. Aliwafuata yeye mwenyewe na mwavuli, akawapandisha kwake, akachinja mbuzi, akawatandikia sebuleni mablanketi yote ya nyumba. Waliposhiba na kupata joto akawatakia usiku mwema, akatoka, akawafungia mlango kwa nje. Walilala salama kabisa, na hawakuweza kutoka mpaka alipowafungulia asubuhi na kuwapa chai. Ndizi zake alikuwa akizigawa hivyo hivyo. Angekuletea mkungu mzima dukani, ukimshukuru anataka kujua kwa nini unamshukuru sana.

Kwa hiyo niliposikia amenunua boti, tena boti iliyotumika, nilidhani ni utani wa fundi. Mtu asiyenunua nyanya bila kuibinya angenunuaje boti, na hata kuogelea hajui? Lakini ilikuwa kweli. Alikuwa na binti mmoja tu, naye aliolewa na kijana wa Kipare anayevua samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kijana alikuwa anapiga makasia mpaka mikono inatoka malengelenge. Mkaguzi akaona haifai mume wa mwanawe arudi nyumbani kila siku amechoka hivyo. Akapata boti ya fiberi iliyokuwa ya hoteli fulani iliyofungwa, na mashine yake ya kufunga nyuma, ile ya kuwashwa kwa kuvuta kamba. Aliikagua siku nzima. Aliyemuuzia aliapa kwamba mashine haina tatizo, na kwa jinsi ninavyojua sasa alikuwa anasema kweli.

Tatizo lilianza mara tu boti ilipoingia majini. Mashine iliwaka vizuri, ikaondoka ufukweni kwa nguvu, ikafika mbali na nchi kavu, ikaanza kukohoa na kuzima. Kijana akivuta kamba, kimya. Akihangaika, akichomoa mpira wa mafuta na kuurudisha, iliwaka tena, ikaenda kidogo, ikazima. Siku moja upepo ulimsukuma mpaka upande wa pili wa bwawa, na binti akakesha na mtoto mgongoni akimulika tochi majini.

Mashine ikafunguliwa, ikafungwa gunia, ikaletwa Sakina kwa fundi. Fundi alikuwa hajawahi kutengeneza mashine ya boti, lakini alisema injini ni injini. Akatafuta pipa, akalijaza maji, akaifunga mashine kwenye ubao pembeni ya pipa, akaunganisha mpira kwenye kidumu chake kilichokatwa juu, akavuta kamba. Ikawaka. Ikanguruma mpaka maji yakaruka na kutulowesha sote. Mkaguzi alikuwa amekaa karibu nayo kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, maana vigoda vya gereji hakuviamini. Alikaa hapo asubuhi nzima, na mashine haikuzima hata kidogo.

Ikarudishwa bwawani. Ikazima. Ikaletwa tena Sakina, ikawaka. Mchezo huo ulirudiwa mpaka makondakta wa mabasi ya njia ile wakalizoea gunia lile na kuliulizia hali. Tulibadili plagi. Tulisafisha kabureta, tukabadili chujio la mafuta, fundi akafungua pampu ya maji akaikuta nzima. Kila tulipobadili kitu mashine iliwaka vizuri kwenye pipa na kuzima bwawani, na kila ilipozima Mkaguzi aliongeza mtu kwenye watu aliokuwa akiwashuku.

Alianza na aliyemuuzia. Akaja kwenye kituo cha mafuta, kwamba petroli imechakachuliwa. Akawa anaingojea itulie kwenye chupa nyeupe, anaitazama kama daktari anavyotazama mkojo. Kisha akaja kwangu. Alinirudishia plagi yake yenye mikwaruzo, akasema ni feki. Nilimwapia kwamba si feki, halafu alipoondoka nikajikuta nafungua boksi zima na kuzinusa moja moja, mimi mwenyewe, mlango nimeurudishia. Ugonjwa wake ulikuwa unaambukiza. Nilianza kumwangalia fundi kwa pembeni, fundi akaanza kunificha bisibisi zake, na kwa muda hatukunywa chai pamoja.

Mwishoni, kwa sababu wengine wote alishawamaliza, akamfikia mkwewe.

Hesabu yake ilikuwa rahisi, na nakiri kwamba hata mimi iliniingia. Mashine ikiwa Sakina, mbele ya macho yake, inafanya kazi. Ikiwa bwawani, mikononi mwa kijana, inakufa. Kwa hiyo kijana anaiua. Kwa nini? Hapo alikuwa na majibu mengi. Labda anauza petroli na kujazia maji. Labda anataka baba mkwe achoke, aseme chukua, iwe yako, kisha aiuze. Labda kuna mwanamke upande wa pili wa bwawa, na kuzimikiwa ni kisingizio.

Mashine za aina ile hutumia petroli iliyochanganywa na oili, kwa kipimo chake. Mkaguzi akaamua kwamba mchanganyiko huo atautengeneza mwenyewe, nyumbani, na kuupeleka bwawani kwa basi kwenye tangi jekundu la plastiki lililokuja na boti. Na ili asichezewe, akalifunga kama zilivyokuwa zikifungwa bahasha za mitihani enzi zake. Aliyeyusha lakiri, ile nta nyekundu ya mihuri, kwa mshumaa, akaimwaga juu ya mfuniko kuanzia ukingo hadi ukingo, ikafunika na kiskrubu kidogo kilichokaa juu ya mfuniko ambacho hakuna aliyewahi kuuliza kazi yake. Kabla haijakauka akaigandamiza kwa kifungo cha koti lake la zamani, ikabaki na chapa. Mafuta yangetoka kupitia mpira tu, kuelekea kwenye mashine. Akamwagiza mkwe kwa simu kwamba tangi lisifunguliwe kwa sababu yoyote, na likiisha lirudishwe Arusha na chapa yake ikiwa nzima.

Kusema kweli mafuta yalishafungiwa kwa lakiri tangu mwanzo kabisa, tangu siku boti ilipoingia majini. Mimi nilidhani alianza baada ya kumshuku kijana. Kumbe alimshuku kabla hajawa na sababu, na sababu ilipokuja ilimkuta yuko tayari.

Tangi lilipokuwa likirudi lilikuwa limebonyea. Mbavu zake zilikuwa zimeingia ndani, kama limekaliwa na mtu mnene. Nililiona kwa macho yangu siku aliyoliweka kwenye kaunta yangu, kwa hasira, akataka niwe shahidi. Alisema kijana analipiga mateke. Sasa siyo uongo tu, alisema, ni dharau pia. Fundi alisogea alishike aone, Mkaguzi akalivuta kwake. Tangi lenye lakiri halikuruhusiwa kusogelea gereji.

Wiki hiyo hiyo alipanda basi, akashuka bwawani, akamchukua binti yake na mtoto akawarudisha mlimani. Alimwambia mkwe kwamba hatawaona mpaka akiri. Wazee wa ukoo wangekaa Jumapili baada ya ibada, na kila mtu kule juu alijua kwamba wakikaa wazee na hakuna aliyekiri, ndoa hiyo imevunjika. Kwa mila zao mkwe hambishii baba mkwe wake, hata akiambiwa jua ni la kijani. Alisaidia kubeba mzigo wa mkewe mpaka kituoni, akasimama pale basi linaondoka.

Hayo nilisimuliwa na binti mwenyewe. Baba yake alimwacha dukani kwangu siku moja alipokwenda benki, naye akakaa nyuma ya kaunta akimpa mtoto maziwa kwa chupa, kwa kuwa tangu aondoke kwake maziwa ya kifua yalikuwa yamempungua. Alikuwa na sura ya baba yake, paji lile lile pana, lakini macho hayakuwa ya kuchunguza. Nilimuuliza kama anamwamini mumewe. Alisema anamwamini, ila baba ameongea naye kila jioni tangu alipofika, na sasa akilala usiku anajikuta anatafuta makosa aliyowahi kuyaona.

"Jana nimekumbuka siku aliyochelewa kurudi," aliniambia. "Alikuwa amenieleza sababu, nikaikubali. Jana nimeikataa."

Nilimhurumia mpaka nikashindwa kufunga duka kwa wakati. Na nilimkasirikia yule mzee kuliko siku zote za plagi na msumari.

Ijumaa kabla ya kikao Mkaguzi alitangaza kwamba atafanya uchunguzi wa mwisho, hadharani. Alimwita mkwe aje Sakina na mashine na tangi lilivyo, bila kupunguza kitu. Yeye akaja na binti, ili asikie mwenyewe. Akanitaka mimi na fundi tuwe mashahidi. Tukasimama wote kuzunguka pipa, jua la saa nne, wapita njia wakidhani kuna mnada. Kijana alisalimia kwa adabu, akaweka tangi chini, akarudi nyuma hatua kadhaa na kufunga mikono mgongoni. Mkewe alimtazama. Yeye alitazama ardhi.

Mkaguzi alipiga goti mbele ya tangi. Alitoa miwani, akatoa na kifungo cha koti, akakilinganisha na chapa. Alipitisha ukucha kuzunguka ukingo wote wa lakiri. Alikaa pale muda mrefu, na tuliona wazi kwamba anatafuta mpasuko na hauoni.

"Halijafunguliwa," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa na masikitiko, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze, akaruhusu mashine iunganishwe na tangi lile badala ya kidumu cha fundi. Lilikuwa limejaa, maana kijana alikuwa hajaenda majini tangu mkewe achukuliwe. Fundi akavuta kamba, ikawaka kwa mvuto wa kwanza, akaiongezea moto, maji yakaanza kuruka. Mkaguzi akamgeukia binti yake kama mwalimu aliyemaliza kuthibitisha ubaoni. Hapo mashine ikakohoa. Ikakohoa tena, ikapungua sauti, ikazima.

Hakuna aliyekuwa ameigusa. Kijana alikuwa mbali nayo, mikono mgongoni.

Fundi alivuta kamba tena na tena, bila mafanikio. Sote tulikuwa tunaitazama mashine. Binti peke yake alikuwa anatazama tangi, huku amempakata mtoto na chupa iko mkononi. Mbavu za tangi zilikuwa zimeingia ndani, zikibonyea mbele yetu bila kupigwa teke na mtu.

"Baba, hii inafanya kama chupa ya mtoto," alisema. "Ukiikaza sana kichwani haingizi hewa. Mtoto anavuta mpaka inanywea, halafu maziwa hayaji tena, analia. Lazima uilegeze kidogo."

Akanipa mtoto. Akachuchumaa, akaibandua lakiri ya baba yake kwa ukucha, vipande vyekundu vikamwangukia kwenye sketi, akafikia kile kiskrubu kidogo na kukizungusha. Tangi lilivuta pumzi. Tuliisikia wote, fyuu ndefu, kisha mbavu zikarudi mahali pake kwa kishindo. Fundi akabinya mpira, akavuta kamba, ikawaka, ikaendelea kuwaka, na maji ya pipa yakaanza kumwagika barabarani.

Mkaguzi alisema irudiwe. Ikarudiwa. Akasema irudiwe tena, na safari hii akaweka kidole gumba chake mwenyewe juu ya tundu la hewa la kile kiskrubu. Alisimama hivyo mashine ikinguruma, na nilimwona usoni wakati kidole kinapoanza kuvutwa. Ikazima. Akaondoa kidole, akakitazama.

"Kwa nini hukufungua?" alimuuliza mkwewe. "Ilikuzimia kule katikati ya maji, peke yako. Kwa nini hukufungua uone?"

"Ulisema nisifungue, baba."

Mimi mdomo wangu haujui kukaa. Nikasema, mzee, kijana huyu angekuwa mwizi hata siku moja tu, mashine ingefanya kazi.

Mzee alikwenda kukaa kwenye kigoda chake, akaomba maji ya kunywa, na akayanywa bila kuyanusa. Hakusema amekosea, na hakuna aliyemwambia. Kijana alifungua mashine, akaifunga kwenye gunia. Binti alichukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamwambia baba yake kwamba nguo zake zilizobaki mlimani atazifuata siku nyingine. Mumewe akainama mbele ya mzee, akasema wanaomba ruhusa. Wakapewa kwa kutikisa kichwa. Wakavuka barabara pamoja, lakini bila kushikana na bila kuongea, na binti alikuwa hatua moja nyuma.

Kikao cha wazee hakikufanyika. Fundi aliapa kwa muda mrefu kwamba angeligundua tatizo siku ya kwanza kama angeonyeshwa tangi, na pengine ni kweli. Tukarudi kunywa chai pamoja. Mkaguzi hakuonekana Sakina msimu mzima.

Alikuja tena wakati wa kuvuna kahawa. Alikuwa amekonda, na koti lilikuwa limemzidi mabegani. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa dukani kwangu. Siku hiyo alivuta kiti bila kukikagua na kukaa. Nilimwekea chai. Akanieleza kwamba amekuwa akienda bwawani. Boti inafanya kazi vizuri, samaki wanapatikana, mtoto ameanza kutembea. Safari ya kwanza alimchukua mkwe pembeni na kumwomba radhi, tena kwa kutaja kila alichomdhania, pamoja na yule mwanamke wa upande wa pili. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema yameisha, baba.

"Basi vizuri," nilimwambia.

"Hayajaisha," alisema.

Aliniambia kwamba kila anapolala kule, kijana huamka kabla yake na kwenda kwenye boti. Amemwona kupitia dirishani. Hufungua tangi akanusa, hupitisha mkono kwenye mpira wote, huinama akatazama chini ya viti. Siku ambazo mzee hayupo, binti amemwambia, hafanyi hivyo. Na nyumbani ni adabu tupu, shikamoo baba, karibu baba, chakula baba, ila mzee akiingia ndani ghafla mazungumzo yanakatika. Binti naye humsindikiza mpaka kituoni na kusubiri mpaka basi liondoke kabisa.

"Sijagusa kitu," aliniambia. "Mama, siku zote mimi nilikuwa upande wa anayekagua. Sikuwahi kujua. Mtu ambaye hajafanya kitu, anaonyesha nini ili aaminike?"

Nilikuwa na hasira zangu za zamani na yule mzee, na nilidhani siku kama hiyo ikifika nitazifurahia. Hazikuwepo. Nilimwonea huruma tu. Nikamwambia akamuulize mkwewe, kwa sababu yeye aliishi na swali hilo muda mrefu bila kumpigia mtu kelele.

Alinitazama sana, akitafuta nina faida gani katika ushauri huo. Akamaliza chai, akavaa kofia, akaondoka.

Siku iliyofuata binti yake alinipigia simu. Alisema baba amefika bila taarifa, hana hata mfuko mkononi, akamwita mumewe nje na kumuuliza kitu ambacho yeye hakukisikia. Sasa wako wawili ndani ya boti, imefungwa kamba hapo hapo ufukweni, mashine imezimwa, wamekaa tangu asubuhi na anayeongea ni mumewe. Ugali ulikuwa umeshapoa. Alitaka kujua kama awaite waje kula, nikamwambia awaache.